Hariri Yetu Ina Makosa

Safari hii ilianza kwa barua, na nitaileta hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu nikiisimulia kwa maneno yangu hamtaniamini. Kondakta wa basi la Haydom aliniletea hadi mlangoni. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali.

"Kwa Mhariri. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Tlawi. Tunaomba ufike haraka. Hariri yetu ina makosa na hatujui yako wapi. Ya mwanzo ilikuwa nzuri, ya pili iliharibika yote, na hii ya tatu imelegea na imeanza kunuka. Tumeona kwenye jarida la wakulima kwamba wewe ndiye mhariri. Ni mimi Restituta, Katibu."

Ninyi wasomaji wangu wa Katesh mnanijua. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sasa ninahariri jarida letu, nyimbo za kwaya, kadi za harusi, hata matangazo ya ng'ombe waliopotea. Nikiona kosa siwezi kulipita. Basi nilipofika pale penye "hariri yetu ina makosa" nilicheka peke yangu, nikachukua kalamu nyekundu, nikaongeza u mbele: uhariri. Ngeli nazo zikanidai haki yake. "Yetu" nikaifanya "wetu", "ina" ikawa "una", "ya mwanzo" ikawa "wa mwanzo", hadi barua ya watu ikawa nyekundu kuanzia juu mpaka chini. Nilichoelewa ni kwamba akina mama hawa wanaandika kitabu, labda historia ya kikundi chao, na kimewashinda. Pale pa kulegea na kunuka nilimsifu sana huyo Restituta. Nikamwambia mke wangu, "Huyu mama anazijua tamathali za semi."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. "Kitu kikisemwa kinanuka," akasema, "mara nyingi kinanuka kweli."

Sikumsikiliza. Nilipakia kamusi, kalamu nyekundu nne, na sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Mbulu.

Jumanne saa nne asubuhi tulikuwa Basotu, basi limepata pancha. Kando ya barabara alikaa bibi mmoja wa Kibarabaig, bangili za shaba zimejaa mkono, anawatazama mbuzi wake wakitafuna mfuko wa sandarusi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unaenda wapi na begi zito hivyo?"

"Tlawi, bibi. Naenda kuhariri."

"Ndiyo kufanya nini hiyo?"

"Naondoa makosa kwenye maneno ya watu."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Na ya kwako anaondoa nani?"

Nilijifanya nimesikia dereva ananiita.

Kutoka Haydom nilipanda gari jingine, tukapita Dongobesh, ardhi inapanda na hewa inapoa, ngano upande huu, mahindi upande ule. Mbulu mjini nilishuka saa tisa nikiwa nimeshavaa sweta ya kwanza. Dereva wa bodaboda, mtu wa Endagikot aliyejifunga shuka juu ya koti, alinipandisha hadi Tlawi kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Njiani aligeuza kichwa akapiga kelele dhidi ya upepo.

"Wewe ndiye yule mtaalamu wa wadudu?"

"Hapana! Mimi ni mhariri!"

"Ndiyo huyo huyo!"

Nikadhani upepo umempotosha.

Tlawi, jioni. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Paskalina, alinipokea kwa mikono miwili. Ni mama mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Pembeni yake alisimama Restituta, mwembamba, daftari kifuani, na nyuma yao wanawake sita wamejitanda vitenge. Wote wakaniamkia, nikaitikia marahaba nane. Kisha wakaniongoza nyuma ya nyumba hadi kwenye jengo la udongo lenye paa la bati.

"Karibu uione hariri," akasema Mama Paskalina, akafungua mlango.

Nilitafuta kitabu. Kulikuwa na vichanja vya mianzi, na juu ya kila kichanja trei pana, na ndani ya kila trei viwavi weupe wenye urefu wa kidole, mamia kwa mamia, juu ya majani ya mforosadi. Wengine walikuwa wanakula kwa sauti ya mvua ndogo juu ya paa. Wengi hawakuwa wanakula. Walikuwa wamelegea, wengine wameshageuka weusi, na harufu iliyonijia puani haikuwa tamathali ya semi.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sentensi moja tu: mama zangu, mhariri si mtu wa hariri ya nguo, ni mtu wa maandishi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini wanawake wanane walikuwa wananitazama, na nje kuku alikuwa anakimbizwa kwa ajili yangu. Nikavaa miwani, nikainama, nikamwinua kiwavi mmoja, nikamgeuza, nikasema, "Hmm."

Wanawake wakatazamana. Hata mimi niliiona ilikuwa "hmm" ya kitaalamu sana.

Wakati wa chakula Mama Paskalina alinieleza kila kitu, nami nikawa natikisa kichwa kama msahihishaji wa mitihani. Mayai yao ni madogo kuliko ulezi. Kiwavi akitoka hali kingine ila jani la mforosadi, na anakula usiku na mchana, anajivua ngozi mara nne. Halafu siku moja anaacha kula, mwili unang'aa kama mshumaa, anainua kichwa. Akipata mahali pa kushika anatoa ute mdomoni, ute ukikutana na hewa unakuwa uzi, naye anaufuma kujizungushia, kichwa kinakwenda huku na huku kama anaandika tarakimu nane. Anafuma siku mbili, tatu, hadi anapotelea ndani ya kifukofuko cheupe. Uzi ni mmoja, haukatiki, ukiunyosha unafika kanisani na kurudi. Kifukofuko huchemshwa kabla kiwavi aliye ndani hajageuka nondo na kutoka, maana akitoka anatoboa na kuharibu uzi wote.

"Hapo pa kuchemsha mimi hutazama pembeni," akasema. "Nimewalisha kwa mkono wangu."

Kutoka kwenye mavuno ya kwanza walikuwa na kitambaa kimoja cha shingoni, kilichofumwa Arusha. Kilipita mkono kwa mkono. Kilikuwa chepesi mno, kikinasa kwenye magamba ya vidole vya akina mama.

"Kilitoka hapa," Restituta akasema, kana kwamba nilikuwa nimekataa.

Mume wa Mama Paskalina alikuwa ameketi mlangoni. Baba Paskalina ni mzee kunizidi, nami nilimpa shikamoo yake, akaitikia taratibu kama mtu anayeonja chumvi. Shamba la mforosadi ni lake. Alilitoa kwa mavuno matatu, na neno lake lilikuwa fupi: viwavi wa tatu wasipofuma mpaka Jumapili, Jumatatu anatia shoka, miforosadi yote chini, panapandwa vitunguu saumu kama kwa majirani. Shoka lenyewe alikuwa analinoa tukiwa tunaongea.

"Mtaalamu," akaniambia, "pale darini yuko buibui. Anafuma bure, hali shamba la mtu. Kwa nini tusifuge buibui?"

Wote wakanigeukia. Nikafuta miwani. "Hilo," nikasema, "nitalijibu kesho."

Jumatano asubuhi niliaga kwamba nakwenda kuuchunguza udongo, nikapanda kilima kinachotazama Ziwa Tlawi, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikopatikana. Bando langu lilikuwa dogo. Nilisoma kuhusu buibui kwanza, kwa kuwa sikutaka kushindwa na mzee yule. Kumbe kiwavi hutoa uzi karibu na mdomo, buibui hutoa kwa nyuma, na uzi wake ni imara ajabu kwa wembamba ule, lakini ukiwafungia buibui pamoja wanakulana. Kisha nikafungua ukurasa wa viwavi. Ulisema hawapendi harufu kali. Ukasema: "Jambo jingine la kuzingatia sana ni" — na bando likakata.

Niliteremka mlima na nusu ya elimu. Katika chumba cha mbele cha lile jengo Baba Paskalina alikuwa ameweka magunia ya vitunguu saumu vyake, mavuno mazima ya msimu. Nikasimama katikati ya kikundi, nikainua kidole.

"Harufu," nikatangaza. "Kiwavi ana pua nyepesi. Vitunguu vitoke nje."

Akina mama walifurahi kupita kiasi, maana nahisi walikuwa wakilitamani neno hilo kwa muda mrefu. Mzee hakubisha. Alibeba magunia yake moja moja, akayapanga uani juu ya magogo, akayafungua midomo yapate hewa. Nilimjibu na la buibui, akacheka kidogo. "Wanakulana," akasema. "Basi hawafai kikundi."

Mchana tulikwenda wote shambani kuchuma majani. Mvua ilitoka upande wa ziwa bila kubisha hodi. Tulipofika mbio nyumbani, vitunguu vya mzee vilikuwa vinaogelea. Nikajitupa kuvuta gunia lililo karibu, nikajikata kidole kwenye bati bovu, damu ikatiririka hadi kwenye sweta ya pili.

Baba Paskalina aliacha magunia yake. Alinivuta ndani, akanyoosha mkono darini, akakusanya utando wa buibui, akaukunja kuwa donge dogo la kijivu, akalibandika juu ya kidonda na kulikandamiza kwa kidole gumba chake. Damu ikakoma. Alisubiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini ili wanawake wasisikie:

"Mwalimu, wewe wadudu hawa huwajui."

Nikakitazama kile kidole gumba chake.

"Jana nilichungulia mlangoni, ulimwinua mmoja ukamtafuta mdomo upande wa mkia."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mali ya mzee huyu ilikuwa inalowa kwa sababu ya neno langu, naye ameshika kidole changu. Nilimwomba radhi. Akasema radhi nikawaombe wenye viwavi, yeye vitunguu atavianika.

Basi jioni hiyo niliwakalisha akina mama nikawaambia yote. Kwamba mhariri ni mtu wa kusahihisha maandishi. Kwamba yale ya harufu niliyasoma kilimani, na yaliyobaki yalikatika na bando.

Mama Paskalina alikunja pindo la kitenge chake.

"Anayefuga ni mfugaji," akasema. "Anayewinda ni mwindaji. Sasa mwenye hariri aitwe nani kama si mhariri?"

Miaka yote ya kufundisha sarufi, na sasa sarufi ilikuwa upande wake. Mmoja wa akina mama akaanza kulia kimya kimya, akasema bora kesho waanze kung'oa wenyewe kuliko kungoja shoka. Hapo Restituta akasimama. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

"Umekula kuku wetu," akasema. "Kazi yako ni maandishi? Haya, maandishi haya hapa. Hariri."

Akanitupia daftari mapajani. Lilikuwa Mwongozo wa Kikundi, maelezo ya mtaalamu aliyewafundisha mavuno ya kwanza kisha akahamishiwa mbali na simu yake haikupatikana tena. Restituta alikuwa ameunakili kwa wino wa buluu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari. Sikupata kosa la tahajia hata moja, na nilitafuta. Lakini ukurasa wa nne kulikuwa na sentensi mbili zinazogombana. Ya kwanza: "Majani yakilowa yafutwe kwa kitambaa kikavu." Ya pili: "Majani yawe na maji."

"Unayafutaje, kisha unataka yawe na maji?" nikauliza. "Restituta, nakala ya kwanza iko wapi? Ile uliyoandika mtaalamu akiwa anasema?"

Alisita, akaenda kwake, akarudi na daftari jingine lililokunjwa, la penseli. Tukalisogeza kwenye taa. Ukurasa ulikuwa na doa la maziwa, lakini sentensi ilisomeka vizuri: "Majani yasiwe na maji."

Herufi mbili. Nilimtazama Restituta.

"Nilidhani amekosea," akasema, sauti imekwisha. "Ng'ombe anakunywa, mbuzi anakunywa, hata kuku anakunywa akitazama mbinguni. Mnyama gani hanywi maji? Nikamsahihishia."

"Na sisi tukawanywesha," Mama Paskalina akasema polepole. "Kila asubuhi. Nachovya tawi ndooni nawanyunyizia wote, nasema kunyweni wanangu. Siku walipoanza kulegea nikaongeza maji."

Kumbe kiwavi anapata maji yake ndani ya jani lenyewe. Maji ya juu yanamharisha na kumwoza. Watu waliofuga tangu enzi za babu zao walikuwa wameua viwavi kwa ukarimu.

Restituta alijifunika uso kwa kitenge. Nami nikafanya jambo moja ambalo silijutii katika safari nzima: nikatoa begini barua yake na kuikunjua mbele yao. "Hariri yetu ina makosa," alikuwa ameandika, sahihi kabisa, na juu yake u yangu nyekundu, na wetu yangu, na una yangu, hadi chini.

"Hapa hapakuwa na kosa," nikasema. "Nililiweka mimi."

Aliitazama. Mama Paskalina akaitazama. Sijui nani aliyeanza kucheka, lakini aliyekuwa analia naye alicheka, na Baba Paskalina alichungulia kutoka kwenye vitunguu vyake kuona nani ameugua.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hatukufanya kazi nyingine. Viwavi waliooza tuliwazika mbali. Trei zikasuguliwa na kuanikwa. Tulichuma majani umande ukikauka, na mvua ikinyesha tuliyafuta moja moja, mbele na nyuma, kwa khanga kuukuu. Nimefuta majani mengi kuliko nilivyowahi kufuta ubao. Waliobaki walikuwa pungufu ya nusu, lakini Ijumaa jioni kile chumba kilianza tena kutoa ile sauti ya mvua ndogo, na Mama Paskalina alikaa chini akaisikiliza huku machozi yanamtoka.

Jumapili ilifika. Tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye trei. Viwavi walikuwa wanakula tu, wamenona, hakuna aliyeinua kichwa. Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Mzee aliingia mara mbili, akatazama, akatoka. Shoka lilikuwa limeegemea mlangoni, nami nililichukia kama mtu.

Karibu saa kumi na moja Restituta akasema, "Huyu haji kwenye jani."

Kiwavi mmoja kwenye kona alikuwa ameacha kula. Mwili wake uling'aa, rangi ya mshumaa. Aliinua kichwa, akakipeleka kushoto, akakipeleka kulia. Kisha wa pili. Kisha tukawaona kumi, ishirini, wote wanayumbisha vichwa hewani.

Baba Paskalina alikuwa amesimama nyuma yetu. "Wanatafuta nini?"

"Pa kushika," akasema mkewe. Halafu akashika kichwa kwa mikono miwili. Vijiti! Viwavi wanahitaji matawi makavu ya kufumia, na hakuna aliyeyaandaa, kwa sababu ndani ya mioyo yetu hakuna aliyeamini watafika.

Mzee alichukua shoka, akatoka. Tulilisikia likipiga, nasi tukatazamana kwa hofu, maana lilikuwa linapiga upande wa shamba. Restituta akachungulia. Alikuwa anakata mti mkavu wa uzioni. Akarudi na matawi begani, akayapanga mwenyewe juu ya trei, kwa vidole vilevile vilivyonibandika utando. Kiwavi wa kwanza akalishika tawi na kupanda.

"Haya, fumeni," akawaambia. "Mmenichosha."

Jumatano nilirudi. Restituta nilimwachia kalamu moja nyekundu, naye akanipa kifukofuko kimoja kwenye kiberiti. Basotu nilimtafuta yule bibi, nikamkuta na mbuzi walewale. Nilimwonyesha, nikamweleza kwamba mdudu ametoa nguo hiyo mdomoni.

"Huyu mbuzi wangu nguo anazila," akasema. "Mwaka wa nne sasa, hajatoa hata leso." Akakitikisa kile kifukofuko sikioni. "Yale makosa umeyaondoa?"

"Moja la kwao, bibi. Na moja la kwangu."

"Afadhali," akasema, akanirudishia.

Nimejifunza nini? Kwamba kabla ya kusahihisha neno la mtu niulize kwanza kama neno hilo linajua jambo ambalo mimi silijui. Kalamu yangu sasa ina uzi wa Tlawi umefungwa shingoni, na kila inapotaka kukimbilia "si" ya mtu, naushika ule uzi kwanza.

Juzi kondakta wa Haydom ameleta barua nyingine. Miforosadi imesimama, mayai mapya yamefika. Vitunguu vya mzee vilivyokauka ni robo tatu tu, na hilo hajalisahau. Mstari wa mwisho Restituta ameuandika kwa wino wa buluu: "Baba Paskalina amesema niandike kwamba mavuno yajayo usije."

Nililisoma neno hilo mara mbili kabla sijaisogeza barua dirishani. Katikati yake, herufi mbili zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka vizuri.